Pensheni ya marehemu kwenye ritani ya kodi Marekani: jaza sawasawa, usilipe kisichokuhusu

Naandika hii kwa ajili ya wajane, wagane na watoto wa marehemu mlioko huku Marekani, ambao kila ikifika mwisho wa Januari posta inaleta bahasha za fomu na mtu hajui aanzie wapi. Kaka yangu alifariki 2021, akamwacha wifi yangu na watoto wawili na akiba ya kustaafu ya kazini, ile 401(k), dola 40,000. Wifi alikuwa na miaka 44. Alizitoa zote kwa mkupuo, wakamkata asilimia 20 ya kodi hukohuko, akashika 32,000, akalipa madeni ya msiba na kodi ya nyumba, maisha yakaendelea. Mwaka uliofuata akaenda kwa mtu anayejazia watu ritani, akatoka huko ameambiwa zaidi ya kodi ya kawaida kuna penalti ya asilimia 10 kwa kuwa ametoa hela za kustaafu kabla hajafika miaka 59 na nusu. Dola 4,000 hizo. Akalipa, nani atabisha na huku bado anavaa nguo za msiba.

Mimi fomu ya hizo hela alizotoa, inayoitwa 1099-R, nilikuja kuiona 2023 tukiwa tunatafuta karatasi nyingine kabisa. Boksi la 7 lilikuwa na namba moja tu, 4. Na 4 kwenye fomu ile maana yake kifo, na hela iliyotoka kwa sababu ya kifo haina hiyo penalti, haijalishi marehemu alikuwa na miaka mingapi wala aliyerithi ana mingapi. Ilikuwa imeandikwa pale muda wote. Tulijaza fomu 1040-X ya kurekebisha na ile 4,000 ikarudi, lakini ningependa mtu mwingine asipitie huko, ndo maana tangu mwaka ule msimu wa kodi ukifika nakaa na watu mezani, karatasi kwa karatasi. Na kama wewe yalishakukuta hayo hayo, unayo miaka mitatu tangu tarehe uliyofaili au miwili tangu ulipolipa, inayochelewa ndo inayohesabiwa, rekebisha.

Sasa tuanze. Kabla ya kugusa simu wala programu ya kodi, kusanya fomu zote mezani uzipange kwa kitu kimoja tu: jina na namba ya Social Security, yani ya hifadhi ya jamii ya serikali, iliyoandikwa juu yake. Usizipange kwa kampuni wala kwa ukubwa wa hela. Sheria yenyewe ukiishika hii mengine yanafuata: hela aliyolipwa marehemu kabla hajafa ni mapato yake, inaingia kwenye ritani yake ya mwisho, na hela iliyolipwa baada ya kifo ni ya yule aliyeipokea, inaingia kwenye ritani ya huyo aliyepokea, kwa namba yake yeye. Kwa hiyo mwaka wa kifo mara nyingi utapata fomu mbili za pensheni ileile, moja ya marehemu mpaka mwezi aliofariki na nyingine ya kwako. Watu wanadhani wamekosea wakatupa moja. Usitupe. Ila kama malipo yote ya mwaka, na yale ya baada ya kifo, yametoka kwa namba ya marehemu, hapo piga simu kwa mlipaji uombe fomu iliyosahihishwa, usiiache hivyo. Na ikiwa hela ililipwa kwa mirathi, yani kwa jina la mali ya marehemu yenye namba yake ya kodi, basi hiyo haiji moja kwa moja kwako, inapita kwenye fomu 1041 na wewe unapewa karatasi inayoitwa K-1 ya mgao wako.

Kwa mke au mume, mwaka ule wa kifo bado unaruhusiwa kufaili kwa pamoja na marehemu kama hujaolewa au kuoa tena kabla mwaka haujaisha, na ni afadhali kufanya hivyo maana punguzo la kawaida la wanandoa kwa mwaka 2025 ni dola 31,500 wakati la mtu peke yake ni 15,750. Kwa hiyo mwaka wa kifo fomu zote, zake na zako, zinaingia ritani moja. Kama unafaili kwa karatasi unaandika juu kwamba ni marehemu na tarehe aliyofariki, na pale pa sahihi yake unaeleza kwamba unafaili kama mwenzi aliyebaki. Miaka miwili inayofuata, kama una mtoto anayekutegemea na unaishi naye nyumbani na hujafunga ndoa nyingine, kuna hali ya mjane mwenye mtoto ambayo inakupa punguzo lilelile la wanandoa. Hii wengi hawaijui wanarukia kufaili kama mtu peke yake mwaka unaofuata tu, wanapoteza hela nyingi. Baada ya miaka miwili ndo unakuwa mkuu wa kaya au mtu peke yake.

Kabla hatujaingia kwenye fomu, toa pembeni vitu ambavyo si vya kuandika kabisa, maana nimeona mtu ameviandika kama mapato kwa uoga. Bima ya maisha uliyolipwa kwa sababu amefariki haitozwi kodi ya mapato, ila kama kampuni ilikaa nayo ikaongeza riba, hiyo riba tu ndo inatozwa na utaletewa fomu ya riba. Michango ya msiba, rambirambi, zile hela jumuiya imechanga kwenye simu ili mwili usafirishwe nyumbani, hiyo ni zawadi, anayepokea hailipii kodi ya mapato. Dola 255 za Social Security za kifo, hazitozwi. Fidia ya DIC wanayolipwa wajane wa wanajeshi na idara ya maveterani, haitozwi, ila usiichanganye na SBP ambayo ni pensheni ya jeshi ya mwenzi aliyebaki, hiyo inatozwa na ina fomu yake. Na familia za polisi au wazimamoto waliouawa wakiwa kazini, pensheni inayotokana na kifo hicho haitozwi kodi ya mapato ya serikali kuu. Upande wa pili pia tuseme, gharama za mazishi, tiketi ya jeneza, chakula cha msibani, hivyo huwezi kuvitoa kwenye ritani yako ya 1040. Inauma lakini ndivyo ilivyo.

Haya, fomu yenyewe. Inaitwa 1099-R na mlipaji anatakiwa aitume mpaka tarehe 31 Januari. Kama mume alikuwa mfanyakazi wa serikali kuu, posta kwa mfano, fomu ya mjane inaanza na herufi CSF, ile ya CSA ni ya mstaafu mwenyewe alipokuwa hai. Mabenki na makampuni yana sura tofauti lakini namba za maboksi ni zilezile.

Boksi la 1 ni jumla yote kabla ya makato. Hiyo ndo inayohesabiwa, sio ile uliyoiona imeingia benki. Ukikatwa bima ya afya na kodi huko juu, benki itaonyesha kidogo lakini IRS, yani mamlaka ya kodi ya Marekani, wanaona boksi la 1. Boksi la 2a ni kiasi kinachotozwa kodi kwa maoni ya mlipaji, na hapa pana maneno mengi, nitarudi. Boksi la 4 ni kodi waliyokwisha kukata, hiyo ni hela yako, inaenda mstari wa 25b wa 1040, usiisahau kwa hali yoyote maana ndo inakupunguzia deni. Wifi yule 8,000 aliyokatwa ndo ilikuwa hapo. Boksi la 5 kuna makato au michango, kwa wajane wa serikali kuu mara nyingi utakuta bima ya afya. Boksi la 7 ni alama, na hapo unatafuta 4. Pembeni yake kuna kiboksi kidogo cha IRA, yani akaunti binafsi ya akiba ya kustaafu. Boksi la 9b, kama limejazwa, ni jumla ya michango ambayo marehemu aliitoa kwenye mshahara wake ambao ulishatozwa kodi. Hilo la 9b lishike sana.

Mstari gani kwenye 1040? Angalia kile kiboksi cha IRA. Kikiwa na alama, inaenda 4a na 4b. Kikiwa kitupu, ni pensheni au 401(k), inaenda 5a na 5b. Kama yote inatozwa kodi, unaandika 5b peke yake na 5a unaiacha wazi, kama ni sehemu tu ndo unaandika jumla kwenye 5a na inayotozwa kwenye 5b. Basi, ni hivyo tu, programu za kodi zinafanya zenyewe ukijaza maboksi kama yalivyo. Shida inakuja mtu anapojaza kwa kukisia, anaona mteja ana miaka 44 anaweka alama ya 1 ya kutoa mapema badala ya kunakili 4. Nakili kilichoandikwa. Na kama mlipaji mwenyewe ndo kakosea kaweka 1 wakati hela ni ya kifo, muombe asahihishe, akichelewa unaambatanisha fomu 5329 na pale pa sababu ya kutotozwa penalti unaandika 04.

Hapo kwenye 4 kuna mtego mmoja wa mke au mume ambao bado kijana na naomba usome mara mbili. Mwenzi aliyebaki anaruhusiwa kuhamishia hela ya marehemu kwenye IRA yake mwenyewe, na mabenki yanapenda kushauri hivyo. Ni sawa kama una miaka 60, au kama huna haja nazo. Lakini ikishaingia kwenye IRA yako imekuwa hela yako, sio ya kifo tena, ukitoa kabla ya miaka 59 na nusu ile penalti ya asilimia 10 inarudi na safari hii ni halali. Kama unajua utazihitaji kwa ada na kodi ya nyumba, ziache kwenye IRA ya urithi, yenye jina la marehemu na wewe kama mrithi wake, utoe huko kwa alama ya 4. Mtoto, mdogo wa marehemu au mtu mwingine yeyote asiye mwenzi yeye hana hiyo ruhusa ya kuzifanya zake, anahamishiwa IRA ya urithi tu, na uhamisho uende benki kwa benki, asiletewe cheki yenye jina lake mkononi maana hiyo inahesabika ameshatoa yote.

Sasa boksi la 2a. Kwa wajane wa wastaafu wa serikali kuu unaweza kukuta limeandikwa UNKNOWN, yani mlipaji hajapiga hesabu, anakuachia wewe. Watu wengi wakiona hivyo wanaandika jumla yote inatozwa, wanamaliza. Kumbe sehemu ya ile pensheni ni michango ya marehemu mwenyewe ambayo aliilipia kodi akiwa kazini miaka yote ile, kwa nini uilipie tena. Kuna hesabu ya IRS inaitwa Simplified Method, ipo kwenye maelekezo ya 1040, na kwa pensheni zilizoanza baada ya tarehe 18 Novemba 1996 ndo inayotumika. Unachukua michango ya boksi la 9b unagawa kwa idadi ya miezi kutoka jedwali. Kama pensheni ilikuwa ya watu wawili, mume na mke atakayebaki, unajumlisha umri wao siku ilipoanza: jumla ikiwa 110 au chini ni miezi 410, 111 mpaka 120 ni 360, 121 mpaka 130 ni 310, 131 mpaka 140 ni 260, 141 na kuendelea ni 210.

Chukua mfano wa mama mmoja, baba alistaafu posta, pensheni ikaanza Januari 2019 baba ana 66 mama ana 62. Jumla 128, kwa hiyo miezi 310. Michango ya baba ilikuwa dola 31,000. Gawa, unapata dola 100 kila mwezi ambazo hazitozwi kodi. Baba akafariki mwisho wa 2024, mama anaendelea na 900 kwa mwezi. Hapa ndo wengi wanateleza: pensheni imepungua lakini ile 100 haipungui, na umri wa mama wa sasa hauhesabiwi upya. Anaendelea na 100 ileile pale alipoishia baba. Mwaka 2025 mama kapokea 10,800, anatoa 1,200, inayotozwa ni 9,600. Kwenye 5a anaandika 10,800, kwenye 5b 9,600. Kama baba angekufa akiwa bado kazini, hajaanza pensheni, hapo ndo ungetumia umri wa mama peke yake na jedwali la mtu mmoja.

Hii ni 1,200 tu, mtu atasema inanisaidia nini. Tuendelee na mama huyohuyo uone.

Social Security ya mjane inakuja na fomu yake, SSA-1099, na unaangalia boksi la 5, hiyo ndo iliyobaki baada ya kurudisha chochote walichodai. Kumbuka mwezi wa kifo hawalipi, kama walishaingiza wanaichukua benki, usishtuke. Kiasi cha boksi la 5 kinaenda mstari 6a, na kinachotozwa 6b. Kupata 6b unachukua nusu ya Social Security unaongeza mapato mengine yote na riba hata ile isiyotozwa kodi. Kwa mtu peke yake ikiwa chini ya 25,000, Social Security haitozwi hata senti. Kati ya 25,000 na 34,000 inatozwa mpaka nusu yake, juu ya hapo mpaka asilimia 85. Wanandoa wanaofaili pamoja mipaka ni 32,000 na 44,000.

Tuseme mama wetu anapata Social Security 18,000 na anafanya kazi kidogo daycare 12,000. Nusu ya 18,000 ni 9,000, jumlisha pensheni 9,600 na mshahara 12,000, ni 30,600. Amezidi 25,000 kwa 5,600, nusu ya hiyo ni 2,800, hiyo ndo Social Security yake inayotozwa. Mapato yake yote ya kutozwa: 9,600 na 12,000 na 2,800, sawa na 24,400. Ana miaka 68, punguzo lake la kawaida ni 15,750 pamoja na 2,000 ya waliofika 65, halafu kuna lile punguzo jipya la wazee la 6,000 la mwaka 2025 mpaka 2028 linalojazwa kwenye skejuli 1-A, kwa mtu peke yake linaanza kupungua mapato yakizidi 75,000. Jumla 23,750. Kinachobaki kutozwa kodi ni 650, kodi yake haifiki dola 70.

Sasa rudisha ile 1,200, ufanye kama mama hajui Simplified Method. Pensheni inakuwa 10,800, na kwa kuwa imepanda inavuta na Social Security inapanda kuwa 3,400, jumla 26,200, kinachobaki ni 2,450, kodi inakaribia 250. Tofauti ni kama dola 180. Kila mwaka. Na miezi 310 tangu Januari 2019 inaisha Oktoba 2044. Mama mwenye kulea watoto wa wenzake daycare kwa 12,000 kwa mwaka, hiyo 180 si kidogo.

Watoto. Hapa naomba kina mama wasikilize vizuri. Social Security ya mtoto aliyefiwa na mzazi ni ya mtoto hata kama cheki inakuja kwa jina lako kama mlezi wake. SSA-1099 yake itakuwa na namba yake. Usiiongeze kwenye ya kwako. Nimeona ritani mbili hivi mama kajumlisha ya kwake na za watoto watatu, akavuka mipaka yote, akatozwa kodi ambayo haipo, maana mtoto mwenyewe kama hana mapato mengine kwa kawaida hafikii hata ile 25,000 ya kwake. Pensheni ya kazi inayolipwa kwa mtoto ni tofauti kidogo, hiyo inatozwa na inahesabika kama mapato yasiyo ya jasho, kwa 2025 ikizidi 1,350 mtoto anaweza kuhitaji ritani yake mwenyewe, na ikizidi 2,700 ile iliyozidi inatozwa kwa kiwango cha mzazi kupitia fomu 8615.

IRA ya urithi kwa watoto wakubwa nitaigusa haraka. Kwa vifo vya kuanzia 2020, mtoto mtu mzima anatakiwa awe ameimaliza mpaka tarehe 31 Desemba ya mwaka wa kumi baada ya mwaka wa kifo, kwa mfano mzazi alifariki 2021, mwisho ni 2031. Na kama mzazi alishafika umri wa kulazimishwa kutoa, unatakiwa utoe kiasi kila mwaka pia, sio kusubiri wa kumi. Usipotoa penalti ni asilimia 25 ya ulichotakiwa kutoa, inashuka mpaka 10 ukirekebisha mapema. Wenzi, watoto wa marehemu walio chini ya miaka 21 na wenye ulemavu wana masharti nafuu zaidi. Kila unachotoa kinaingia 4b ya mwaka huo, kwa hiyo usikiache chote mwaka wa mwisho kikakurundikia kodi. Roth IRA, ile ambayo hela zake zilishatozwa kodi kabla ya kuwekwa, ikiwa imefikisha miaka mitano huwa haitozwi, unaandika 4a na sifuri 4b.

Majimbo kila moja na lake. Texas na Florida hawana kodi ya mapato ya jimbo, Illinois na Pennsylvania hawatozi pensheni, wengine wanatoza kama serikali kuu. Angalia boksi la 14 la 1099-R kama walikukata kodi ya jimbo, idai.

Kuna jambo letu sisi ambalo wajaza fomu wengi hawaulizi. Mjane anayeishi huku kama raia au mwenye green card anatakiwa kuandika mapato ya dunia nzima. Kama mume alikuwa mtumishi nyumbani na wewe unalipwa pensheni ya warithi na PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma wa Tanzania, au mfuko wa Kenya, haina 1099-R lakini bado inaandikwa mstari wa 5, ukibadilisha shilingi kuwa dola kwa wastani wa mwaka. Kama nyumbani walikata kodi, kuna fomu 1116 ya kukurudishia ili usilipe mara mbili. Na kama akaunti zako zote za nje ukizijumlisha ziliwahi kuzidi dola 10,000 hata siku moja ndani ya mwaka, kuna taarifa ya FBAR inayofailiwa mtandaoni peke yake, sio ndani ya 1040, na faini zake ni kali kuliko kodi yenyewe.

Kinyume chake, mjane akirudi Moshi au Mombasa. Kama ni raia wa Marekani anaendelea kufaili 1040 kama kawaida, akiwa nje anapata mpaka tarehe 15 Juni bila kuomba, ingawa riba ya deni inaanza kuhesabiwa tarehe 15 Aprili. Kama si raia na hana green card, pensheni ya Marekani inakatwa asilimia 30 na analetewa 1042-S badala ya 1099-R. Marekani haina mkataba wa kodi na Tanzania wala Kenya wa kuipunguza hiyo. Social Security kwa mtu kama huyo wanakata asilimia 30 ya asilimia 85, yani 25.5 ya malipo yote. Afadhali familia ijue kabla ya kukata tiketi.

Ukishamaliza ya mwaka huu angalia kama unadaiwa. Wajane wengi mwaka wa pili ndo wanashtuka, maana hali ya kufaili imebadilika lakini makato yamebaki yaleyale. Pensheni unabadilisha makato kwa fomu W-4P, hela ya mkupuo W-4R, Social Security W-4V ambayo unachagua asilimia 7, 10, 12 au 22. Na kama unaona pagumu, kuna vituo vya kujaziwa ritani bure, vya mpango unaoitwa VITA na vya TCE vya wazee wa miaka 60 na zaidi, nenda na fomu zako zote pamoja na ritani ya mwaka jana. Ritani ya 2025 mwisho wake ni tarehe 15 Aprili 2026.

Halafu tafuta bahasha moja ngumu. Wifi ana ya kijani, imekaa juu ya kabati la vyombo. Ndani yake weka nakala ya cheti cha kifo, 1099-R za kila mwaka, na karatasi moja ya Simplified Method ambayo mwisho wa kila mwaka unaandika imeshatolewa kiasi gani na imebaki ngapi. Yule mama wa posta mwisho wa 2025 ataandika imetoka 8,400, imebaki 22,600. Mwakani programu itamuuliza hiyo namba. Na yeye akifariki kabla haijaisha, watoto wake wataweza kuitoa iliyobaki kwenye ritani yake ya mwisho, mradi waikute imeandikwa.